Kutoka uji wa Mwanjelwa hadi nauli ya Tukuyu: shajara ya mradi wetu wa watoto wa mtaani

Daftari hili lilianza kama la mahesabu ya unga na sukari. Mimi ni katibu wa kikundi, na katibu ndiye anayebaki na kalamu hata wenzake wakichoka. Sasa wenzetu wa Njombe na Sumbawanga wanapiga simu kuuliza tulianzaje, na marafiki wa Uingereza wanaotuchangia nao wanataka kujua fedha ziliendaje, hivyo nanakili kila hatua hapa inapokamilika. Yaliyokwenda sawa nitayapita haraka. Tuliyoharibu nitayaeleza kwa kirefu, maana ndiyo yaliyotugharimu. Fedha ni shilingi zetu, isipokuwa niliposema paundi. Jina la mtoto halitaandikwa humu, wala la kijiji chake.

Juni 2019. Uji

Tulianza Jumatatu, siku moja baada ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Siku hiyo, 16 Juni, huadhimishwa kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto ya Afrika Kusini waliopigwa risasi mwaka 1976. Sisi tunakaa Soweto ya Mbeya, kwa hiyo mama mmoja katika VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, akauliza kwa utani: hizi hotuba za Soweto zinahusu Soweto ipi, mbona ya kwetu watoto wanalala kwenye viroba? Utani ukaishia kwenye sufuria ya lita 20.

Tulikuwa watano: wauza nafaka wawili, mama lishe, nesi mstaafu na mimi niliyekuwa nauza vitenge. Sufuria moja ya uji wa lishe ilitugharimu 14,500, asubuhi tatu kwa wiki, kwa hiyo kila mmoja alitoa 35,000 kwa mwezi.

Kosa la kwanza lilikuwa saa. Tulifika pembeni ya soko la Mwanjelwa saa mbili asubuhi, uji unafuka moshi, mtoto hakuna hata mmoja. Mzee mlinzi wa fremu akatucheka. "Wanangu, hawa si wanafunzi. Malori ya viazi kutoka Uporoto yanashusha alfajiri. Saa mbili mtoto ameshabeba magunia, ameshanunua chapati, ameshapotea." Tukahamia saa kumi na moja alfajiri. Mbeya ya Juni, saa hiyo, kidole hakishiki kijiko. Wakaja 23.

Kosa la pili ni mablanketi. Tulinunua 20 ya mitumba kwa 6,000 kila moja, jumla 120,000, tukagawa jioni moja tukarudi nyumbani tumejisikia watu wema sana. Siku ya tatu manne yalikuwa yametandazwa kwa muuza mitumba, mengine wanalalia wakubwa wao. Pale usiku kuna wakubwa, na mdogo hulipa kodi kwa chochote alicho nacho. Kumpa blanketi ni kumpa sababu ya kupigwa. Tukanunua mengine 15 tukayaweka kwa yule mzee mlinzi, mtoto anachukua saa tatu usiku na kurudisha alfajiri wakati wa uji. Mzee tukampa 10,000 kwa mwezi. Katika mwaka mzima yalipotea mawili.

Julai 2020. Shule zilipofungwa

Shule zilifungwa 17 Machi kwa sababu ya korona, zikafunguliwa 29 Juni. Katikati hapo hesabu yetu ya asubuhi ilipanda kutoka 23 hadi 41. Wengi wa wapya walikuwa wamekuja na Coaster kutoka Mbarali na Rungwe, au kwa kudandia malori barabara ya Zambia, wakidhani watafanya kazi za likizo. Shule zilipofunguliwa, nusu ya hao wapya walirudi wenyewe bila sisi kufanya lolote.

Ningeomba msomaji aishike hiyo sentensi ya mwisho. Sisi hatukuishika. Tuliona wale waliobaki tu, tukasema tunahitaji nyumba.

Novemba 2020. Marafiki wa Uingereza

Nesi wetu ana rafiki Mwingereza aliyewahi kufundisha sekondari mkoani hapa miaka ya 1990. Tunamwita Mwalimu mpaka leo. Alianza kututumia fedha kidogo kidogo kutoka kwa majirani zake na watu wa kanisa lao, waliokuwa wakiuza keki na chai Jumamosi. Mwaka huu makusanyo yao yakavuka paundi 5,000. Kwa sheria za kwao, Uingereza na Wales, taasisi ya hisani ikifikisha kiwango hicho kwa mwaka sharti ijisajili kwa Charity Commission, mamlaka inayosimamia taasisi hizo. Wakajisajili, wakateua wadhamini ambao hawalipwi hata senti.

Wakagundua pia Gift Aid: mchangiaji anayelipa kodi akijaza tamko, serikali yao inaongeza pensi 25 kwa kila paundi 1. Tatizo ni kwamba mwaka mzima walikuwa wakipitisha ndoo. Fedha ya ndooni haina jina, na bila tamko hakuna nyongeza kwa njia hiyo. Kwa anayetaka kuiga: kama una marafiki wa namna hiyo, waambie fomu itangulie ndoo.

Halafu likaja suala la neno. Kipeperushi chao kilisema wanawasaidia watoto wasio na nyumba. Nesi alipotusomea tukatazamana. Kwa Kiswahili tunasema watoto wa mtaani, na kuna wanaosema chokoraa, neno ambalo kwetu ni marufuku. Hakuna aliyewahi kusema hawana nyumba. Lakini paundi zilikuwa zimeambatana na lile neno, na dawa ya kukosa nyumba inajulikana. Hatukubisha.

Aprili 2021. Nyumba

Tulipanga nyumba ya vyumba vitano Ilemi mwezi Januari. Gharama za kuanzia: kodi ya miezi sita 1,500,000; vitanda vya dabo deka saba, 1,295,000; magodoro 14, 980,000; mashuka na mablanketi 420,000; tangi la maji la lita 2,000, 390,000; vyombo 310,000; choo, ambacho mwenye nyumba aliapa kuwa ni kizima, 655,000. Jumla 5,550,000. Kuendesha: 1,730,000 kwa mwezi, pamoja na walezi wawili na mlinzi. Ukigawa kwa watoto 14, kitanda kimoja ni kama 123,500 kwa mwezi. Tafadhali ikumbuke namba hii.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa asali. Wa tatu alikuja Afisa Ustawi wa Jamii na swali moja: leseni iko wapi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na mtoto haingizwi tu kwa sababu umemkuta amelala barazani. Lazima ustawi wajue na wachunguze familia yake. Sisi tulikuwa kikundi cha VICOBA chenye vitanda. Yule dada angeweza kutufungia siku ile. Badala yake alitupa masharti: hakuna mtoto mpya mpaka karatasi zikamilike, na kila aliyemo afunguliwe jalada. Usajili wa shirika chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, katiba, ramani ya nyumba, ukaguzi wa afya na wa zimamoto, ada na nauli za kufuatilia vilikuja kutula 870,000 na miezi saba. Fanyeni haya kwanza, godoro baadaye.

Lakini pigo halisi lilitoka mlangoni. Mama mmoja, mwuza ndizi, alikuja na wanawe wawili, wamevaa sare safi, akasema: "Nimesikia hapa wanakula wali nyama Jumapili na wanapewa viatu. Hawa nao wapokeeni." Tukamkatalia. Kesho yake watoto wale wawili walikuwa wamelala Kabwe, kwenye ukumbi wa duka. Alikuwa amewatuma. Alijua kwamba kwetu mlango ni mtaani.

Nilikaa jikoni nikamtazama mama lishe wetu, naye akanitazama. Hatukuwa tumepunguza watoto wa mtaani. Tulikuwa tumeweka bango. Wali nyama wa Jumapili ukafutwa, ikawa makande kama nyumba zote za jirani. Lilikuwa tiba ndogo kwa ugonjwa mkubwa, ila tulikuwa bado hatujaujua ugonjwa.

Septemba 2021. Picha, barua na baiskeli

Mfadhili mmoja wa kule aliomba amlee mtoto mmoja mahsusi. Jambo jema, tukadhani, tukatuma picha 14 na maelezo mafupi. Ndani ya miezi minne mtoto mmoja alikuwa na baiskeli, viatu vya mpira vyenye taa na barua tatu. Mwenzake wa kitanda cha juu hakuwa na mtu, kwa sababu hakutabasamu kwenye picha. Baiskeli ilikatwa matairi usiku. Aliyefanya hivyo tulimjua, na sikuwa na moyo wa kumwadhibu.

Kulikuwa na jambo lingine baya zaidi. Kijana wa miaka 13 alianza kumweleza kila mgeni kwamba wazazi wake wamekufa. Nilikuwa nimezungumza na mama yake kwa simu wiki iliyopita. Nilipomuuliza alinijibu taratibu: "Anti, ukisema wamekufa wanakuandikia."

Tuliwaandikia wadhamini: chungu kiwe kimoja, hakuna mtoto wa mfadhili fulani, na uso wa mtoto usitumwe tena. Michango ilishuka miezi mitatu mfululizo. Mwalimu alitetea hoja yetu kwenye kikao chao, wawili wakajiuzulu. Nimeandika hapa ili ijulikane kwamba kule nako kuna watu walipoteza marafiki kwa ajili ya jambo hili.

Agosti 2022. Tukuyu

Safari ya kwanza ya kumrudisha mtoto ilikuwa Mei, na ilikuwa aibu. Tulipanda Coaster na kijana wa miaka 11 mpaka juu ya Tukuyu, tukamkabidhi kwa baba yake mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, tukapiga picha migongo yao, tukala ndizi, tukashuka. Ripoti nilikuwa bado naiandika pale mzee mlinzi aliponipigia: "Mwanangu, yule mtu wako yuko hapa anasubiri blanketi." Siku nne. Alikuwa amedandia lori la ndizi.

Baba hakuwa mkatili wa kwenye hadithi. Alikuwa ameoa upya, chumba ni kimoja, na mtoto alipoondoka mara ya kwanza aliondoka na fedha ya mbolea. Hilo hakuna aliyetuambia kwa sababu hatukuuliza. Tulikwenda na mtoto kama mtu anayerudisha jembe la kuazima.

Nesi ndiye aliyetugeuza. Yeye ni Mnyakyusa wa huko huko, akasema: hapa kwetu bibi yeyote akimwona mtoto njiani hamuulizi unaishi wapi, anamuuliza wewe mtoto wa nani. Sisi miaka mitatu tumehesabu vitanda, hilo swali hatujaliuliza vizuri. Tukakaa na kijana kwa wiki mbili, bila haraka, na majina yakaanza kutoka: shangazi wa Kyela, mama mdogo wa Uyole, na bibi mzaa mama, kilomita chache kutoka kwa baba, ambaye alimlea hadi darasa la pili.

Kwa bibi tulikwenda mara tatu kabla ya kumpeleka mtoto. Mara ya kwanza hakutaka hata kutukaribisha. Alidhani tumekuja kumdai. Mara ya pili alisema anamtaka mjukuu, "ila atalala wapi?" Mimi nikawa na jibu mfukoni: nguruwe. Tulikuwa tumesoma kwamba familia hupewa mradi wa kipato. Tukampa nguruwe wa 70,000 bila kumsikiliza vizuri, na baada ya wiki tano homa ya nguruwe ikapita kijijini ikawafagia wote.

Mara ya tatu nesi aliingia ndani akatazama juu. Anga ilionekana. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na upande aliokuwa akilala mtoto bati zilikuwa zimeoza. Bibi alikuwa ametuambia hivyo tangu mwanzo: atalala wapi. Sisi tulisikia umaskini, yeye alisema paa.

Bati sita, 162,000. Misumari na kusafirisha, 18,000. Sare, viatu na madaftari, 58,000. Nauli na bodaboda za watu wawili ni 26,000 kwa safari. Safari tatu kabla, moja ya kumpeleka iliyofika 30,000, na nne za kufuatilia: wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Jumla 450,000, ukiacha yule nguruwe ambaye ni adhabu yetu. Ni chini ya miezi minne ya kitanda Ilemi. Siku tunafunga paa bibi alisema "Ndaga fijo", asante sana, mara moja tu, kisha akamtuma mjukuu akachote maji, kana kwamba hakuwahi kuondoka.

Oktoba 2022. Paundi na gunia

Mwaka jana paundi moja ilitupa karibu 3,200. Mwisho wa Septemba, baada ya bajeti ndogo ya serikali yao kuyumbisha soko la fedha, ilitupa 2,500. Paundi zile zile 600 za mwezi zilizokuwa 1,920,000 zikawa 1,500,000, nasi matumizi ni 1,730,000. Wakati huo huo gunia la mahindi lilikuwa linapanda kila tukienda sokoni. Walezi walikaa wiki tatu bila mshahara, na mmoja akaondoka, simlaumu.

Tulichobadilisha ni viwili. Mahindi na maharage tunanunua wakati wa mavuno, Julai, tunayafunga kwenye mifuko ya PICS isiyopitisha hewa, na hatununui tena Desemba kwa bei ya Desemba. Na kila paundi inapokuwa juu ya kiwango tunachokadiria, ziada inakwenda akiba badala ya kwenda jikoni. Lengo ni miezi mitatu ya matumizi. Hatujafika, tuko mwezi mmoja na nusu.

Machi 2023. Simu moja

Hii fupi kwa sababu inauma. Fedha za matumizi madogo zilikuwa zikipita kwenye simu ya mmoja wetu, kwa urahisi. Hapo hapo zilikaa mtaji wake, ada ya mwanawe na mchango wa msiba. Tulipokaa kuhesabu, 640,000 hazikuonekana. Ilikuwa fujo zaidi ya wizi, lakini mfuko mtupu hauulizi tofauti. Anarejesha 40,000 kwa mwezi, miezi 16, na bado ni mwenzetu.

Sasa kila kitu kinapita benki, watia sahihi watatu, wawili lazima wasaini. Mkaguzi wa hesabu alitudai 600,000 kwa mwaka wa kwanza. Wajumbe walilalamika kwamba hizo ni sufuria 41 za uji. Ni kweli, nilizihesabu mimi. Lakini shirika linatakiwa kupeleka ripoti ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa kwa Msajili, na kwa kuwa ufadhili wetu ulivuka milioni 20, mkataba wenyewe nao ulitakiwa upelekwe Hazina na kwa Msajili. Kukua kuna karatasi zake.

Septemba 2023. Kufunga vitanda

Wiki ya Nane Nane watoto hujaa viwanja vya John Mwakangale kama kumbikumbi: kuna chakula, kuna mizigo, kuna taa usiku. Miaka ya nyuma tuliisubiri ipite. Mwaka huu tuliweka meza pale pale, na kila mtoto mpya aliulizwa lile swali la nesi, wewe mtoto wa nani, ndani ya siku ya kwanza, kabla hajapata rafiki wa kulala naye. Tuliwapata wapya 17. Kumi na mmoja walikuwa nyumbani kabla ya wiki mbili, wengi kwa simu moja na nauli tu. Mmoja alikuwa ameshuka treni Iyunga akitokea Mlimba. Mjomba wake alikuwa akimtafuta tangu Jumanne na alikuwa ameshapiga 116, ile namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Mtoto wa siku mbili anarudi kwa nauli. Wa miaka miwili anahitaji bati, bibi, mwalimu mkuu, safari nane na bahati. Miaka minne tulikuwa tunawasubiri waive.

Tukaamua: vitanda 14 vibaki vinne, vya dharura, kwa idhini ya ustawi. Vyumba vingine viwe kituo cha mchana, pa kuoga, kufua, kutibiwa na kusoma. Waliopitiliza umri tunawasajili MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, maana kumkalisha mwenye miaka 13 darasa la pili ni kumrudisha Mwanjelwa kwa njia ndefu. Kikwazo kinachobaki ni vyeti vya kuzaliwa. Usajili wa walio chini ya miaka mitano ulianza hapa Mbeya mwaka 2013, na wengi wa watoto wetu walikuwa wa umri huo huo, lakini nyumba inayovunjika haimpeleki mtoto kuandikishwa. Sasa tunafuata njia ya walioandikishwa kwa kuchelewa, yenye vielelezo vingi. Kila cheti kimoja kinatula siku tatu za mtu.

Wadhamini wa Uingereza walishtuka. Kitanda kina picha na kina bei, walisema, nauli tutaichangishaje? Mmoja wao, dereva wa basi mstaafu, ndiye aliyepata jibu. Akachapisha tiketi: "Mbeya hadi Tukuyu, kwenda na kurudi, watu wawili, paundi 8 na nusu." Wameuza nyingi kuliko keki. Na kipeperushi kimebadilika. Sasa kinasema watoto walio mbali na nyumbani. Nesi aliposoma alisema hiyo angalau haisemi uongo.

Aprili 2024. Wasichana

Hapa ndipo tulipofeli kwa muda mrefu zaidi bila kujua. Katika daftari la uji la 2019 kuna wasichana wawili. Tukaandika kwa miaka kwamba Mbeya haina wasichana wa mtaani. Wapo; hawalali barazani. Wanakuja kutoka Mufindi, Njombe na vijiji vya huku kufanya kazi za ndani, wanatoroka au wanafukuzwa usiku, na wanafika stendi wakiwa na mfuko mmoja wa plastiki. Kabla hakujapambazuka kuna mtu ameshawaahidi kazi.

Kosa letu lilikuwa la kijinga: kila kitu tulikipanga kwa wavulana. Choo kimoja, bafu lisilo na komeo, mlinzi mwanaume. Wasichana wanne wa kwanza waliletwa na wakata tiketi wa stendi, wawili hawakukaa hata saa moja. Tumetenga bafu na kuliwekea komeo kwa 145,000, lakini kulaza hatulazi. Ustawi wanao utaratibu wa walezi wa kuaminika, familia zilizochunguzwa na kufundishwa kumpokea mtoto kwa muda. Wajumbe wetu watatu wamepitishwa, akiwemo yule wa simu, na sikuona aibu kuandika jina lake kwenye orodha. Wakata tiketi na wauza chai wa stendi wana namba zetu. Mwezi uliopita waliita mara sita, mara tano kabla ya saa sita usiku.

Hesabu hadi leo: watoto 31 tumejaribu kuwarudisha kwa njia ndefu. 19 wako nyumbani, wote wamepita miezi sita. Wanne wamehamia kwa ndugu wengine na tunawafuata huko. Wanane wako mtaani tena, na wawili kati yao ni wale ambao tuliwapeleka haraka kwa sababu mgeni kutoka nje alitaka kuona mtoto akipokelewa. Uji bado upo, asubuhi tatu kwa wiki, saa kumi na moja alfajiri. Jana walikuwa tisa. Sufuria ile ile sasa inagharimu 21,000.

Kinachofuata

Kijana wa Tukuyu amemaliza darasa la nne. Alhamisi tunapanda Coaster ya kwanza kwenda kwao, safari ambayo haimo kwenye bajeti, maana zile nne za kufuatilia zilikwisha mwaka jana. Baba yake ameanza kuja kwa bibi Jumapili, na bibi anataka tuwepo wakizungumza ile fedha ya mbolea. Ameagiza chumvi, viberiti na misumari ya bati robo kilo.